Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Profesa wa Uhandisi wa Maji

Nimefundisha na kutafiti maji kwa zaidi ya miaka 30. Katikati nikawa mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, kisha nikaomba kurudishwa maabara. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, na wazazi wao, na wahadhiri vijana walionidaka ukumbini nikiwahi kikao. Nimeyapanga yalivyonijia kichwani.

Profesa wa uhandisi wa mazingira hufanya nini siku nzima?

Wengi humwaza akiwa mtoni na mabuti ya mpira. Yupo huko kweli, ila ni siku chache kwa mwaka. Siku nyingine anasoma sura ileile ya tasnifu kwa mara ya nne, anaandika andiko la mradi ambalo huenda likakataliwa, anawaeleza wanafunzi wa mwaka wa pili jinsi chembe za tope zinavyozama kwenye tangi, anahakiki makala ya mtu asiyemjua, na anamtafuta aliyeondoka na ufunguo wa stoo ya kemikali. Ukiona unachukia kusoma na kuandika, mabuti peke yake hayatakubeba.

Huyu ni mhandisi, mkemia, au mtaalamu wa vijidudu?

Ni vyote, na fani yenyewe ilizaliwa hivyo. John Snow, aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba vifo vya kipindupindu mtaani Broad Street, London, vilizunguka pampu moja ya maji, alikuwa daktari. Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kupokelewa na chuo cha MIT, alikuwa mkemia. Kuanzia mwaka 1887 alisimamia upimaji wa maelfu ya sampuli za maji ya jimbo la Massachusetts, na kazi hiyo ikazaa ramani ya chumvi. Wazo lake ni jepesi mno hadi linanitia wivu. Chumvi ya bahari hubebwa na upepo na mvua, hivyo hupungua kadiri unavyoingia bara. Kisima chenye chumvi nyingi kuliko kinachostahili mahali pake kina mgeni, na mara nyingi mgeni huyo ni majitaka, kwa kuwa mkojo una chumvi. Hakuhitaji kumwona bakteria hata mmoja.

Leo mgawanyo ni huohuo. Maji kwenda ndani ya bomba ni fizikia, bomba kuliwa na kutu ni kemia, utelezi ulioganda ukutani mwa bomba ni biolojia, na bili ya maji ni siasa. Huwezi kujua vyote kwa kina. Jua kimoja vizuri, na vingine ujue kiasi cha kutodanganywa.

Inachukua miaka mingapi kufika uprofesa?

Shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka 4, uzamili miaka 2, uzamivu kati ya 4 na 6. Wengi huongeza mwaka mmoja hadi mitatu kwenye maabara ya mtu mwingine kabla ya kupata ajira ya kudumu. Baada ya hapo ni ngazi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Majina hutofautiana kati ya nchi na nchi lakini kungoja ni kulekule. Anayekwenda bila kusimama hufika juu akiwa na miaka arobaini na kitu. Kama utapata miaka miwili mitatu ya kufanya kazi kwenye mtambo wa maji kabla ya uzamivu, ichukue bila kuona umechelewa. Nimesimamia wanafunzi wa aina zote mbili, na yule aliyewahi kuamshwa saa nane usiku kwa sababu chujio limeziba huuliza maswali bora.

Nitajuaje kama nina wito wa kazi hii?

Kuna jaribio moja la zamani ambalo hufanywa kwenye mitambo mingi ya kusafisha maji. Unapanga bika sita, yaani gilasi za maabara, zenye maji ya mto, lita moja kila moja, chini ya mashine yenye mapanga sita madogo ya kukoroga. Unatia shabu, dawa ya kugandisha tope, kwa vipimo vinavyopanda: kidogo, kidogo zaidi, hadi nyingi. Unakoroga kwa kasi dakika moja, halafu taratibu kabisa kwa dakika ishirini au thelathini, halafu unazima na kusubiri.

Mwanzoni huoni kitu. Kisha kwenye bika la tatu, au la nne, maji yanaanza kuwa na vinyota, vinyota vinashikana kuwa mabonge mepesi kama mabaki ya pamba, na ukizima mashine yanaanza kushuka polepole, huku juu yake maji yakiachwa meupe. Bika la kwanza bado ni tope tupu. La sita nalo, ambalo ulidhani litashinda kwa kuwa limepewa dawa nyingi, huenda limerudi kuwa na ukungu, kwa sababu dawa iliyozidi inaweza kuzibadilisha chaji za chembe na kuzifanya zikimbiane upya.

Wapo wanafunzi wanaoandika namba na kwenda kula. Wapo wanaoinama macho yakiwa sawa na meza, wanatazama mabonge yakishuka, na kuuliza kwa nini la sita limeharibika. Hao wa pili ndio ninaowaita ofisini.

Nichague mada gani ya uzamivu?

Chagua swali ambalo una kifaa cha kulijibu. Hilo ndilo jibu fupi, na najua haliridhishi.

Jibu refu ni Johannes Rook. Alikuwa mkemia wa shirika la maji la Rotterdam, Uholanzi, wala hakuwa profesa. Alikuwa amezoea mbinu ya kupima hewa inayokaa juu ya kimiminika ndani ya chupa iliyofungwa, mbinu iliyotumika kwenye viwanda vya bia kufuatilia harufu. Akaielekeza kwenye maji ya bomba. Mwaka 1974 alichapisha alichokiona: klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka majini, hutengeneza klorofomu na ndugu zake. Yaani dawa iliyokuwa ikiokoa watu na homa ya matumbo tangu mwaka 1908, Jersey City, Marekani, ilipoanza kuitia klorini kila siku kwenye maji ya mji mzima, ilikuwa na upande wa pili ambao hakuna aliyeutazama. Kufikia mwaka 1979 Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha miligramu 0.10 kwa lita kwa kundi hilo la kemikali, na baadaye ikakishusha hadi 0.08.

Vijana huniletea mada kubwa: mabadiliko ya tabianchi na usalama wa maji duniani. Hiyo ni hotuba. Niletee bomba, kemikali na mashine ya kuipima, tuanze.

(Na tafadhali, Rook hakusema tuache klorini. Kila mwaka napata mwanafunzi anayefika hapo. Maji yasiyotiwa dawa yanaweza kumuua mtu wiki hii, ilhali mabaki ya klorini ni hatari ndogo inayopimwa kwa umri mzima wa mtu. Mizani hizo mbili hazilingani.)

Mbona maprofesa wa maji wanasumbua sana kuhusu chupa za sampuli?

Kwa sababu makosa mengi ninayoyajua kwenye fani hii yalitokea kabla sampuli haijafika maabara.

Chupa ya kupimia bakteria hutoka ikiwa imetakaswa, na ndani ina kiasi kidogo cha sodiamu thiosalfeti. Kazi yake ni kuizima klorini papo hapo. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua bakteria chupa ikiwa njiani, na unasoma sifuri kwenye maji ambayo mtu aliyafungua bombani yakiwa na uchafu. Mwanafunzi wangu mmoja, mwangalifu kweli, alisuuza kila chupa mara tatu kwa maji ya bomba ili iwe safi zaidi. Dawa yote ikaenda na maji ya kusuuza. Sampuli 48, safari ya siku mbili, na jedwali zuri la sifuri tupu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemwambia asisuuze, lakini sikumwambia kwa nini.

Ukipima risasi, ile metali, mambo hugeuka. Unataka maji yaliyolala ndani ya bomba angalau saa 6, na unakinga yale ya kwanza kabisa. Ukifungulia bomba dakika tano kabla, unayasukuma yaliyokaa na risasi, halafu unapima mapya yaliyotoka barabarani. Bomba ni lilelile, ila namba mbili, moja ikisema hatari na nyingine ikisema salama. Anayeandika maelekezo ya kuchukua sampuli ameshaandika nusu ya jibu.

Fedha za utafiti hutoka wapi?

Kwenye mifuko ya serikali ya sayansi, wakfu, mashirika ya maji yenyewe, na wakati mwingine kampuni. Unaandika andiko, unasubiri nusu mwaka, unakataliwa, unalirekebisha, unalipeleka kwingine. Likipita, chuo hukata sehemu yake kwa ajili ya umeme na uendeshaji, na hapo ndipo wahadhiri vijana hujifunza kulalamika.

Ushauri mmoja ambao nilichelewa kuujua: mfadhili hupenda kununua mashine, lakini hapendi kumlipa fundi. Ndiyo maana maabara nyingi zina mashine nzuri zilizofunikwa kitambaa. Tia mshahara wa fundi kwenye bajeti tangu ukurasa wa kwanza, na usiuondoe hata ukiombwa kupunguza.

Fedha za kampuni hazina haramu, mradi mkataba uandike kwamba utachapisha hata matokeo yasiyowafurahisha. Wakikataa kifungu hicho, wamekuokolea miaka mitatu.

Ni kweli kwamba profesa hupimwa kwa idadi ya makala?

Ndiyo. Kipimo kinachotajwa zaidi ni faharasa ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Inasaidia kidogo na inapotosha kidogo. Haijui kama makala yako ilinukuliwa ili kukosolewa, na haihesabu mtambo uliouokoa. Nikiwa kwenye kamati za kupandisha vyeo nilikuwa nasoma makala tatu za mwombaji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wenzangu waliona napoteza muda.

Utafiti wa chuo hufikaje kwenye bomba?

Polepole, na mara nyingi kwa njia ambayo mtafiti hakuipanga. Mara chache huenda haraka: Edward Ardern na William Lockett walieleza mwaka 1914 kule Manchester kwamba ukipuliza hewa kwenye majitaka na kulibakiza lile tope lililojaa vijidudu badala ya kulitupa, usafishaji unaofuata huwa wa kasi zaidi. Miaka michache baadaye mitambo ilikuwa inajengwa, na hadi leo sehemu kubwa ya majitaka ya miji husafishwa kwa wazo hilo.

Mara nyingine ni safari ndefu. Mwaka 1977 Engelbert Broda, kwa hesabu za nishati tu, alisema lazima kuwe na bakteria wanaoweza kuunguza amonia kwa kutumia naitraiti, bila oksijeni. Hakuna aliyewahi kuwaona. Walionekana Delft, Uholanzi, miaka ya 1990, kwenye mtambo wa majaribio wa majitaka ya kiwanda, na mwaka 2002 tangi la kwanza la ukubwa kamili likawashwa Rotterdam. Ni miaka 25 kutoka karatasini hadi saruji. Bakteria hao huokoa umeme mwingi wa kupuliza hewa, lakini huzaana taratibu kiasi kwamba kuwakuza kunahitaji subira ya mlezi.

Na wakati mwingine mji haungoji utafiti ukamilike. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ilianza mwaka 1968 kuyarudisha majitaka yaliyosafishwa moja kwa moja kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa ukame haukuacha njia nyingine. Vyuo vilikuja baadaye kujifunza kwao.

Nikigundua maji ya mji hayafai, nimwambie nani kwanza?

Hili ndilo swali lililoninyima usingizi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza rudia kipimo. Chukua sampuli nyingine, mpe mtu mwingine aipime, angalia chupa ya maji safi ya kulinganisha. Hiyo ni siku moja au mbili, isiwe mwezi. Ikiwa ni vijidudu vya kinyesi, usingoje hata hiyo: mpigie simu mwenye mtambo na mamlaka ya afya kwa wakati mmoja, huku ukirudia.

Nasema kwa wakati mmoja kwa sababu ya Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe kwenye kisima, klorini haikutosha, na bakteria wakaingia kwenye mtandao wa mabomba. Maabara ilipima na kukuta uchafu, ikatuma majibu kwa shirika la maji peke yake, kwa kuwa sheria haikuilazimisha kumwambia mwingine. Meneja akayakalia, na maofisa wa afya walipopiga simu wakaambiwa maji ni salama. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilipelekwa kwa mtu mmoja.

Halafu kuna Flint, Michigan. Aprili 2014 mji ulibadili chanzo cha maji na kuanza kutumia mto wake bila kutia dawa ya kuzuia kutu, na risasi ikaanza kutoka kwenye mabomba. Wakazi waliolalamika waliambiwa vipimo viko sawa. Maelekezo ya kuchukua sampuli yaliwataka wafungulie maji usiku uliotangulia. Hilo nalo huondoa sehemu ya risasi iliyokusanyika kabla sampuli haijachukuliwa. Mwaka 2015 kundi la Marc Edwards wa chuo cha Virginia Tech lilituma vifurushi 300 vya sampuli kwa wakazi wenyewe, likatangaza matokeo hadharani, na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha risasi imepanda kwenye damu ya watoto. Edwards hakuanzia hapo. Alikuwa ametumia miaka mingi kwenye risasi ya maji ya Washington, ambako kubadili dawa kutoka klorini kwenda kloramini kulivuruga ganda lililokuwa limefunika risasi ndani ya mabomba.

Kisa cha pili hupendwa na wanafunzi kwa kuwa kina shujaa. Mimi hufundisha cha kwanza kwa wiki mbili na cha pili kwa wiki moja.

Mkuu wa idara hufanya nini?

Hugawa vyumba. Nilidhani ningeongoza fikra; mwezi wa kwanza nilisuluhisha ugomvi wa friji, ambapo mwenzetu mmoja alikuwa ameweka majitaka kwenye rafu ya juu na mwingine chakula chake rafu ya chini. Mbali na hayo unapanga nani afundishe nini, unatetea bajeti, unasaini likizo, unamsikiliza mwanafunzi aliyetelekezwa na msimamizi wake, na unamwita huyo msimamizi. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi hasa. Nyingine zinaweza kufanywa na karani mzuri, na kwa kweli ndiye aliyezifanya.

Nikikubali uongozi, utafiti wangu utakufa?

Utapungua, na anayekuambia vinginevyo anakutafutia kura. Lakini kuna njia zaidi ya moja. Werner Stumm aliacha uprofesa Harvard mwaka 1970 kwenda kuongoza taasisi ya maji ya Uswisi, EAWAG, akakaa hadi mwaka 1992, na kemia ya maji ikakua chini ya mkono wake. Mwenzake James Morgan alikuwa msimamizi wa wanafunzi na kisha makamu wa rais katika chuo cha Caltech, Marekani; wawili hao wakapewa pamoja Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 1999. Rita Colwell aliongoza mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 2003, utafiti wake na wenzake wa Bangladesh ulionyesha kwamba kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa hupunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria hao hujishika kwenye vidudu vidogo vya majini ambavyo kitambaa kinaweza kuvinasa.

Mimi si wa daraja lao. Nilichofanya ni kuikataa miadi yoyote Ijumaa asubuhi, nikavaa koti la maabara na kukaa na wanafunzi. Baadhi ya vikao vilifanyika bila mimi na hakuna jengo lililoanguka.

Je, wewe mwenyewe hunywa maji ya bomba?

Nikijua mtambo unavyoendeshwa na klorini iliyobaki bombani ni kiasi gani, ndiyo. Nisipojua, nayachemsha.

Mshahara ukoje?

Unalisha familia. Wanaotaka zaidi hufanya ushauri wa kitaalamu, na wachache hulipwa vizuri hadi wakasahau darasa.

Unajutia nini?

Nilisimamia wanafunzi wengi mno kwa pamoja nilipokuwa mkuu wa kitivo. Wawili walimaliza tasnifu ambazo ningeweza kuzifanya bora kwa saa kumi zaidi za kukaa nao. Nazikumbuka kurasa zenyewe.

Wanafunzi wako wako wapi sasa?

Wengine ni maprofesa, wengine wako wizarani, mmoja ameacha yote na anafuga nyuki. Mmoja anaendesha mtambo wa maji wa mji mkubwa. Mvua zilizopita mto wake ulijaa tope, akanitumia picha saa tano usiku: bika sita zimepangwa mezani, taa ikimulika kwa nyuma. Akauliza ningechagua lipi. Nikavaa miwani, nikaikuza picha, nikamjibu la nne. Akaniandikia kwamba yeye anaona la tatu linatosha, na kwamba shabu iliyozidi itamrudia ikiwa tope la kutupa. Nikaitazama tena. Nilipoanza kuandika jibu, alikuwa ameshafungulia dawa.